Taha Aboud Anatua Kamera, Anashika Bakora

Leo, Jumamosi tarehe 30 Juni 2018, Mzee Taha Aboud anastaafu baada ya kuwatumikia watu wa Chula kwa miaka thelathini na tisa. Kikundi chetu cha goma, ambacho makao yake yako Mombasa kwa sababu ambazo kila mmoja wetu anazijua, kimenipa mimi katibu kazi ya kuandika wasifu wake. Mwenyekiti ameniomba niandike kwa heshima, na nisitie mambo ya ndani ya nyumba za watu. Hilo la kwanza nitajitahidi.

Mzee Taha alizaliwa mwaka 1957 kisiwani Chula, katika visiwa vya Wabajuni pwani ya Somalia. Mwaka 1979 alianza kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa kucheza goma, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Ya pili ilikuwa kupiga picha za ngoma kama mpiga picha wa kujitegemea, na hiyo ndiyo iliyopeleka unga nyumbani. Kamera yake ilikuwa ya Kirusi, nzito, aliyoinunua Kismayo kwa baharia aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Kwa wageni wetu wa leo, goma ni ngoma ya wanaume. Husimama safu moja, kanzu nyeupe, bakora mkononi, zumari ikalia, na safu nzima ikainama na kuinuka kwa utulivu mkubwa. Hakuna kuruka wala kutoka jasho. Goma lililokamilika laweza kumaliza asubuhi yote, na wanaolipenda huona limekwisha upesi. Taha alitaka jambo moja tu katika maisha yake ya ngoma: asimame kichwani mwa safu, acheze goma zima, kuanzia zumari inapoanza mpaka inaponyamaza. Mpaka ninapoandika maneno haya, hajawahi.

Sababu ilikuwa kamera. Kila harusi Chula, Taha alianza vizuri, kanzu imepigwa pasi, kifua mbele. Kabla goma halijafika kati, mama wa bwana harusi alimwita kwa sauti ya kusikika kisiwa jirani cha Kudhaa, akiuliza kama picha zitajipiga zenyewe. Taha alimpa jirani bakora, akakimbilia kamera, akapiga anachopiga, akarudi mbio. Lakini safu ya goma haimwekei mtu nafasi. Ukitoka, imeziba. Ukirudi, unaanzia mkiani, pamoja na wanaojifunza. Ndiyo maana mchezaji wetu hodari alionekana na wengi kuwa mchezaji wa mkiani, na alijisikia vibaya, ingawa alikuwa akicheka pamoja nao.

Marehemu Mzee Nasrudin, aliyekuwa kiongozi wa safu wakati huo, alimwambia waziwazi kwamba mchu, yaani mtu kwa Kibajuni chetu, hawezi kuwa ndani ya goma na nje ya goma. Atakapoiacha kamera, nafasi ya kichwani ni yake. Taha alijibu kwamba ataiacha baada ya harusi inayofuata. Chula wakati huo watu walikuwa wakioana sana.

Tuzungumze pia juu ya picha zenyewe, maana wasifu bila mafanikio si wasifu. Mzee Taha alipiga picha kwa jicho la mchezaji. Wateja walitaka kusimama wima, uso mbele, mkono uliovaa saa ukiwa juu ya ule usiovaa. Yeye aliwapa mguu unaoinuka, bega linaloshuka, kidole cha mpiga zumari. Mama mmoja wa Chula alisubiri mwezi mzima picha zikasafishwe Kismayo, na zilipokuja akakuta harusi ya mwanawe imekuwa viwiko vya Badi, mpiga ngoma wetu. Badi anasema zile ndizo picha bora alizowahi kupigwa. Yule mama alihama pwani wakati wa vita akiwa bado hajamsamehe.

Basi vikaja vita. Mwaka 1991 serikali ilianguka, na walioishika bunduki baada yake walivikumbuka visiwa vyetu ambavyo serikali ilikuwa imevisahau. Walichukua mashine za boti, wakachukua nyavu, wakachukua masufuria, na waliporudi wakakasirika kwamba hakuna kilichobaki. Mwanzoni mwa 1992 tuliondoka Chula kwa mashua ya Mzee Nasrudin, familia kadhaa, tukielekea Kenya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila mtu alibeba kilicho cha lazima. Taha alibeba kamera, mikanda ambayo haijasafishwa, na kanzu ya goma. Mkewe, Bi Mashavu, alibeba mchele, sufuria na watoto, na njia nzima hakumsemesha.

Tulishuka Ras Kamboni kutafuta maji, Kenya ikiwa karibu kabisa, na pale ufukweni tukakuta wenye bunduki. Walipekua mizigo. Walipoifungua kanzu ya Taha wakaiona kamera, kelele zikakoma. Mkubwa wao akaishika, akaigeuzageuza, akasema kwamba mvuvi hana haja na kitu hiki na kwamba kuna watu wamelipwa kupiga picha za vituo vyao. Kwa maneno mengine, Taha ni jasusi, na sisi tuliomleta tunajua kazi yake. Wanaume wote wakakalishwa mchangani. Namkumbuka baba akinitazama kana kwamba anajifunza uso wangu. Sijawahi kuogopa vile tena, na sitaki.

Taha alijieleza kwa Kisomali safi kwamba yeye ni mpiga picha za ngoma, tena ni mchezaji. Wakacheka. Mkubwa akasema vizuri, kama ni mchezaji, acheze. Akicheza, wataamini. Asipoweza, wanajua la kumfanya.

Mtu mwingine angeruka papo hapo na kupiga makofi. Taha aliomba kwanza avae kanzu. Ilikuwa imelowa maji ya chumvi na kukunjamana, akaivaa, akafunga vifungo vyote. Akaomba bakora, haikuwepo, akapewa mpini wa kasia lililovunjika. Akaomba ngoma, Badi akaambiwa achukue dumu tupu la maji. Akasimama, akainamisha kichwa kidogo, Badi akagonga, na goma likaanza kama linavyotakiwa kuanza, yaani polepole.

Wale mabwana walikaa kwenye kivuli cha gari lao, wakitazama. Mpini ukapanda kidogo. Bega la kulia likashuka. Kichwa kikageuka upande mmoja, kikatulia, kikarudi. Baada ya muda mrefu mmoja wao akauliza goma litaanza lini. Badi akamjibu kwamba limeanza kitambo. Wakaamuru liongezwe mwendo, na Taha, bunduki ziko mbele yake, akawaeleza kwa adabu kwamba goma halina mwendo mwingine, wanaotaka mbio wangoje kirumbizi, na kirumbizi huchezwa na watu wawili wenye fimbo. Hawakutaka kumpa mtu wa pili fimbo. Goma likaendelea.

Jua lilipanda. Kivuli cha gari kilipungua. Mmoja alipiga miayo, akamwambukiza mwenziwe. Mwingine alilala kabisa, bunduki mapajani. Sisi tulikuwa tunalia kimya kimya na kumwomba Mungu, na katikati ya kulia nilimwona Taha uso wake, nikaona kwamba amesahau tulipo. Alikuwa anacheza vizuri kuliko siku yoyote. Hakuna aliyemwita. Kamera ilikuwa kwa mtu mwingine.

Mwishowe mkubwa wao aliinuka, akajipangusa mchanga. Alisema hakuna jeshi duniani ambalo lingemtuma mtu anayechosha namna hii, na kwamba jasusi wa kweli angejifunza uongo wenye raha zaidi. Tukaambiwa tuondoke upesi. Kamera ikabaki kwao, na mikanda yote, harusi zetu za mwisho za Chula zikiwa humo ndani. Watu wakakimbilia mashua. Mzee Taha hakukimbia. Aliinua mkono, akaomba radhi, akasema limebaki kidogo, ni sehemu ya kumalizia tu, haichukui muda. Bi Mashavu alitoka majini, akamshika ukosi wa kanzu, akamvuta mpaka mashuani kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Aliyomwambia hapo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa mumewe tangu Chula, na mwenyekiti amenikataza kuyaandika.

Kwa hiyo wapo watu hai leo, mimi nikiwa mmoja wao, kwa sababu ya goma ambalo mwenyewe analihesabu kuwa si goma. Ukimsifia, atakwambia kwamba halikuwa na safu, halikuwa na zumari, na halikumalizika. Nimemwambia mara nyingi kwamba lilitosha. Nalisema tena hapa mbele ya watu, na kwa niaba ya wote waliokuwa mashuani, hai na marehemu: ahsante, Mzee Taha. Tulikucheka miaka mingi kwa sababu kukushukuru kulikuwa kunatutoa machozi.

Kambini, nje ya Mombasa, kikundi kilifufuka kabla hatujapata mabati. Taha alikuja na kanzu yake akijua sasa hana kamera, na kwa hiyo hana udhuru. Safu ikapangwa, yeye karibu na kichwa. Wiki hiyohiyo ikatangazwa kwamba kila mkimbizi anahitaji picha ndogo ya uso. Jamaa mmoja wa mjini aliwaazima watu wa kambi kamera, wakatafuta anayejua kuitumia. Kwa miaka mingine mingi Mzee Taha akawapiga watu picha, akiwasihi wasitikisike, jambo lililomuuma, na jioni zumari ilipolia alikuta safu imeziba.

Baadaye hoteli za pwani zikatuita. Meneja mmoja alilipenda sana goma letu, akaomba tu liwe fupi, liwe la kasi, na wachezaji waruke kidogo. Mzee Nasrudin alikataa, kisha akakubali, kwa sababu watu wetu walihitaji kula. Wageni walitaka picha, na anayejua kupiga picha ngomani ni nani? Walipokuja watu na simu zenye kamera, Mzee Taha alisherehekea hadharani. Alisema sasa kila mtu atajipiga mwenyewe. Badala yake, kila harusi watu humpa simu zao wakimwambia yeye ndiye fundi. Nimewahi kumwona ameshika simu nyingi kiasi kwamba moja aliibana kwapani.

Mwezi wa Aprili alileta barua ya kustaafu. Kamati ilihuzunika, ikaamua kumuaga kwa zawadi inayolingana na mchango wake, na bila kumaliza kuisoma barua yake ikamnunulia kamera mpya. Barua yenyewe ilisema anastaafu kupiga picha ili aanze kucheza. Kamera hiyo sasa iko kwa Badi, kwenye boksi lake, na anayeitaka aende kwake wazungumze.

Na hapa ndipo mambo yanaponishinda kuyafanyia mzaha. Mzee Taha sasa hana kamera, hakuna anayemwita, nafasi ya kichwani ni yake, na safu haipo. Mzee Nasrudin tulimzika mwaka 2009. Wengine wako Ulaya, wanampigia simu wakiuliza kama hana japo picha moja ya Chula, na yeye huwajibu kwamba ziko Ras Kamboni. Wengine walirudi visiwani, hatujui habari zao. Katika wale wa zamani amebaki Badi, ambaye ni lazima apige ngoma, na baba yangu, Mzee Abdalla, ambaye nyonga yake haimruhusu kusimama. Juzi nilimkuta Mzee Taha uwanjani kwetu akijaribu peke yake. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anaangalia kama goma linaweza kuchezwa na mtu mmoja, na kwamba haliwezi, alikuwa anajua tangu zamani.

Kwa hiyo, kabla ya chakula na kabla ya mgeni wa heshima kusema lolote, leo litachezwa goma zima. Hakuna mpiga picha aliyekodiwa, na simu zitabaki kwa Bi Mashavu, ambaye wengi mnajua hapokonyeki kitu. Mzee Taha, kikundi kinakushukuru kwa kila mguu, kila bega na kila kiwiko. Mungu akupe afya, magoti yakutii, na siku zako za mbele ziende kwa mwendo unaoupenda.

Na wewe mwanamume unayesoma karatasi hii, wa Chula au wa kwingineko, mwenye kanzu au mwenye suruali, uwe unajua goma au hujawahi kuliona: bakora zimeegemezwa ukutani karibu na mlango. Weka karatasi kwenye kiti, chukua moja, nenda ukasimame kushoto kwake. Atakuonyesha. Ameshasimama, anakungoja.

Kuluthumu Abdalla
Katibu