Saa Tisa Ipi?

Benchi letu liko mbele ya duka la fundi cherehani, na mimi ndiye mwenye birika la kahawa. Leo Fundi kavaa suti aliyojishonea mwenyewe, pasi imenyooka, hataki hata kukaa asije akaikunja. Bintiye anarudi kutoka masomoni ng'ambo. Miaka sita hawajaonana, na mzee kaapa kwamba akitokeza tu mlangoni pale uwanja wa ndege, uso wa kwanza atakaouona ni wa baba yake. Asubuhi binti alituma ujumbe: "Baba, napanda ndege. Saa tisa." Kisha simu ikazimwa. Sasa ni saa saba mchana, Breki kaegesha teksi yake tayari, na hakuna anayeondoka.

FUNDI: Saa tisa si saa tisa? Twendeni bwana!

RAMANI (tunamwita hivyo kwa kuwa hakuna nchi asiyoijua, ingawa hajawahi kuvuka daraja): Haraka ya nini, Mzee? Anasema safari inachukua saa tisa. Lete tepu.

Akaitandaza tepu ya kushonea juu ya ramani ya kalenda ukutani.

RAMANI: Unaona? Kutoka uwanja ule mpaka wetu, inchi sita na nusu. Tena maji matupu. Hafiki kabla ya jioni.

BREKI: Wewe umepima kama unapima suruali. Ndege inapinda! Halafu wenzetu wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Saa tisa yao ni saa tatu yetu, ya usiku.

FUNDI: Kumbe tuna muda?

RAMANI: Tele! Na dunia inazunguka, msisahau. Rubani mjanja anapaa, anazima injini, anatusubiri sisi tumfuate.

BREKI: Ndiyo maana kwenda na kurudi hakulingani!

RAMANI: Akilikimbilia jua, anaweza hata kutua jana.

FUNDI: Jana? Jana nilikuwa hapa nabandika vifungo! Nani kampokea mwanangu?

MIMI: Na umri wake je?

RAMANI: Unapungua. Atashuka mdogo kuliko alivyoondoka, utamrudisha chekechea.

Fundi alicheka mpaka akajisahau, akakaa. Nikamimina duru nyingine. Raha ilikuwa raha, jua likahamia upande wa pili wa mtaa, na hakuna aliyetazama saa.

Teksi nyingine ikasimama. Akashuka dada mmoja na masanduku mawili, akaja mpaka mbele ya benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia, kabla hatujamtambua.

— Baba, nimetua saa tisa kama nilivyosema, mbona hukuja kunipokea?

Ramani akajifanya anasoma kalenda. Breki akakohoa, na hakuwa na kikohozi. Fundi akainuka, suti imekunjamana. Machozi na kicheko vikamtoka pamoja.

— Umekua, mwanangu, akasema.

Hilo halikuwa jibu, lakini binti alilipokea kwa kumrukia shingoni.