Simba Aliyemla Baba Yangu

Ndugu zangu, Mungu atukuzwe, hata na mtu mwenye hasira. Nasema hivyo mapema kwa sababu hasira yangu haijanitoka tangu nirudi kutoka Ulaya.

Mwaka ule kabla ya uhuru nilipelekwa Uingereza kufundisha mwaka mmoja katika shule yao. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, miaka tisa ya chaki, na siku ya safari nilivuka ziwa kwa kivuko pale Busisi nikijiona mtu kweli kweli.

Shule ilikuwa na utaratibu wake. Kengele, sala, masomo, halafu saa nne chai katika chumba cha walimu. Sasa sisi kwetu mgeni hajichagulii kiti. Anasubiri aambiwe karibu, kaa. Basi nikasimama dirishani na kikombe changu, nikasubiri. Nilisubiri muhula mzima. Viti vitupu vipo, walimu kumi na wanne wananipita, hakuna aliyefungua mdomo. Baadaye nikasikia walikuwa wakiambiana kwamba mimi napenda kusimama. Mnacheka? Mimi sikucheka.

Na hesabu sikupewa. Mwalimu mkuu alinizungusha darasa hadi darasa niwasimulie watoto habari za simba. Nikamweleza kwamba kwetu tunalima pamba, na simba sijapata kumwona. Akasema watoto watasikitika.

Hapo ndipo nilipoanguka, na sitaficha. Nikaanza kutunga simba. Wa kwanza alipita mbali. Wa pili alikula ng'ombe. Watoto wakapiga makofi, na nawaambia, mtu aliyesimama peke yake miezi mitatu, makofi humlevya kuliko pombe. Siku moja, mbele ya shule nzima, simba wangu akamla baba yangu. Nikaongeza kwamba tulizika shati tu.

Wakati huo baba yangu alikuwa kwetu Sengerema, mzima wa afya, anapalilia pamba.

Kesho yake binti mmoja wa miaka kama kumi alinisubiri mlangoni. Akaniambia baba yake alifia kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Kisha akaniuliza, taratibu, "Mwalimu, na wewe sura yake imeanza kukupotea?"

Ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze. Nilikwenda moja kwa moja ofisini nikamwambia mwalimu mkuu kwamba nimesema uongo, baba yangu yu hai. "Nipe darasa la hesabu," nikasema, "au nipe tiketi ya kurudi kwetu." Alinuna, lakini alinipa. Alinipa darasa lile walilokuwa wamelikatia tamaa. Nikalifundisha kwa hasira hadi likajua. Chumba cha walimu nacho, nilivuta kiti nikakaa bila kuambiwa na mtu. Yule binti nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Aligeuka akaenda zake, na alikuwa na haki.

Namshukuru mama mpishi wa shule ile, aliyenisalimu kila asubuhi na kusubiri nimjibu. Nawashukuru nanyi mlioniandikia barua, maana hamkujua zilikuwa zinamfikia mtu wa namna gani.

Wale walimu bado wananiudhi. Lakini wao waliomba simba tu. Aliyemtoa baba yake aliwe ni mimi. Vijana, sasa tuna uhuru, na wengi wenu mtakwenda huko kusoma. Mtaombwa simba. Semeni pamba, hata wakisikitika.

Limebaki moja. Mzee wangu amekaa pale benchi la pili. Tangu nirudi tunakula sahani moja, na sijawahi kumwambia.

Baba, shikamoo. Nilikuua ili nipigiwe makofi. Nilifanya hivyo mbele ya watu, ndiyo maana sikutaka kukuomba msamaha nyumbani tukiwa wawili.