Rafu ya Chukua Moja, Acha Moja

Pale barabara ya kokoto itokayo langoni inapokutana na ile ya chumba cha kufulia, katika kambi ya Jua la Kusini, jangwani Arizona, kuna meza ya mbao yenye mabenchi mawili. Hapo ndipo kijiweni. Kahawa inatoka kwenye birika kubwa la umeme la ofisini, ya bure mpaka iishe, na ni chungu kama dawa ya minyoo, lakini nani atalalamikia cha bure. Wakaaji wake ni wastaafu waliouza majumba yao kaskazini kwenye theluji, wakanunua nyumba za magurudumu, wakaapa kuzunguka nchi mpaka wachoke. Sasa wamechoka kweli, ila majumba ya kurudia hawana tena. Basi kila majira ya baridi wanajikuta pale pale, benchi lile lile, wanabishana. Asubuhi hii walikuwa wanabishania muvi.

Sababu yenyewe ni hii. Ndani ya chumba cha kufulia kulikuwa na rafu ya sidii za muvi, na sheria yake imeandikwa ukutani kwa wino mnene: chukua moja, acha moja. Kila kambi ya nyumba za magurudumu ilikuwa na rafu kama hiyo. Muvi uliyoiacha Texas unaweza kuikuta New Mexico mwezi ujao, imeletwa na mtu usiyemjua, na hakuna aliyelipa hata senti. Lakini siku hizi magari mapya hayana mashine ya kuchezea sidii. Meneja kaona rafu inakula vumbi tu, kasema basi. Sidii zote zimetiwa kwenye maboksi, yamepangwa kando ya meza, na adhuhuri pikapu ya kambi inayapeleka dampo.

Verlin alikuwa mwisho wa benchi, boksi katikati ya miguu, anafungua kasha moja moja. Anafungua, anachungulia sidii, anafunga, anaweka pembeni. Kwa tabia hiyo walimbatiza jina la Mkaguzi tangu alipofika, wakimdhania mzee bahili anayeogopa kuchukua sidii yenye mikwaruzo. Naye hakuwasahihisha. Ukweli ni kwamba alikuwa anamtafuta mkewe.

Msishangae. Marehemu Ardith alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Alirekodiwa mara moja tu maishani, jikoni mwa gari lao, akikaanga samaki na kumfokea Verlin. Sidii ile Verlin aliitia kwenye kasha la muvi ya kauboi, maana kasha jingine tupu hakuwa nalo. Baada ya mazishi akawa hana akili ya kitu. Katika kambi moja ya Texas, akitaka kupunguza uzito wa gari kabla ya kupanda milima, alikumbatia makasha yote yaliyokuwa karibu, akayaacha rafuni, akachukua mengine mawili matatu ambayo hata hakuyasoma. Alikuja kugundua kosa keshavuka mpaka wa jimbo. Aliporudi, sidii za rafuni zilikuwa zimekwisha badilika. Tangu hapo anafuata rafu kambi hadi kambi, na kwa kuwa watu wa safari hurudisha sidii kwenye kasha lolote lililo karibu, hana budi kuyafungua yote. Kambi nyingine zote za njia ile zilikwisha kutupa rafu zao. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho aijuayo.

– Sasa jamani, jioni tutatazama nini? – alianza Twyla. Huyu alikuwa keshia wa duka kubwa enzi zake, na sasa wanamwita Jenerali kwa jinsi anavyosimamia foleni ya mashine za kufulia. – Mimi bila muvi silali. Nabaki kumsikiliza Duane anavyokoroma, na trela lake liko ng'ambo ya barabara.

– Sikoromi, napumua, – akasema Duane.

– Antena, – akasema Garth, ambaye hiyo Antena ndilo jina lake la kijiweni pia. – Nimesema mpaka mate yamenikauka. Muvi za bure zimejaa hewani, zinapita juu ya vichwa vyenu sasa hivi. Unasimamisha mlingoti juu ya gari, unageuza upande wa mji wa Yuma, umemaliza. Mtaka cha uvunguni sharti apande juu.

– Sharti ainame, – Twyla akamsahihisha.

– Ainame wapi, dada, na antena iko kwenye paa?

– Ndiyo maana ulianguka kwenye paa, ukalala na maumivu ya kiuno wiki nzima.

– Nilianguka, lakini picha nilipata!

– Picha gani, Garth? Mtu mmoja anauza magodoro, kwa Kispanyola.

Verlin alicheka kidogo, kwa heshima tu. Boksi la kwanza lilikuwa limekwisha. Akalisukuma kwa mguu, akavuta la pili. Mgongo ulikuwa unamuuma, na vidole vilikuwa vimeingia vumbi la watu wote waliowahi kulala usingizi mbele ya muvi hizo.

– Twende maktaba ya mjini, – akasema Twyla. – Muvi ziko tele, unaazima bure.

– Thubutu! – akadakia Duane. – Nilikwenda. Wakaniuliza nakaa wapi. Nikawaambia kambini. Wakasema hapana, anwani ya kudumu. Nikawapa ile ya South Dakota, ya sanduku la barua tunalokodi sisi tusio na nyumba.

– Sote tunayo hiyo hiyo. Wakasemaje?

– Wakasema niende nikaazime huko huko South Dakota.

Kila mtu akanywa kahawa yake. Jambo hilo lilikuwa la kweli na halikuwachekesha.

Duane, anayeitwa Bilioni kwa kuwa kila siku ana wazo la kutajirisha kambi nzima, hakupenda hali hiyo. – Sikilizeni. Tunaingia mtandaoni. Mmoja anajiunga na kampuni ya muvi, sisi wote tunatumia neno lake la siri. Umoja ni nguvu.

– Si tulifanya mwaka jana? – akasema Garth. – Watu wa kambi nzima kwa neno moja la siri. Kampuni ikadhani Twyla ana familia ya kabila zima. Wakamfungia.

– Na mtandao wenyewe wa hapa, – akasema Twyla, – unawasha muvi, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, unaenda kuoga, unarudi, bado kinazunguka.

– Haba na haba hujaza kibaba, mama.

– Kibaba gani, Duane! Mchumba wa kwenye muvi amesimama mlangoni na maua tangu Krismasi, hajaingia.

– Basi tukaegeshe nyuma ya hoteli, tule mtandao wao. Wakituuliza, tunasema gari limeharibika.

– Magari yote?

– Petroli ilikuwa mbaya.

– Weee, Bilioni, utatupeleka jela uzeeni.

– Jela kuna televisheni, – akasema Garth, na ilikuwa vigumu kujua kama anatania. – Lakini ngojeni. Mkinipa waya, waya tu, nazungusha kambi nzima, nauunganisha na kila gari. Magari yote ni bati, siyo? Kambi nzima inakuwa antena moja. Tutashika mpaka Japani.

– Na radi ikipiga?

– Tutakuwa tumeshatazama muvi.

Duane akapiga meza. – Hilo dogo! Kuna ile sinema ya wazi nje ya mji, ya kutazama ukiwa garini, mnaijua? Kando yake kuna kilima. Tunapanda na magari kilimani, tunatazama kwa darubini, sauti tunashika redioni. Bure!

– Kutoka kule utaona skrini kwa ubavu, – akasema Twyla. – Watu wote wembamba kama sindano.

– Basi tumtume mmoja! Wazee wana nafuu ya tiketi Jumanne. Mmoja anaingia, anatazama kwa niaba ya wote, anarudi kutusimulia hapa kijiweni. Asiye na mwana aeleke jiwe.

– Tulikutuma wewe, Duane. Ukalala. Ukatusimulia mwanzo mara tatu.

– Mwanzo ulikuwa mzuri.

Hapo hata Twyla akacheka, halafu akachoka katikati ya kicheko, akajipangusa macho. – Mimi nasema rafu ingebaki, – akasema. – Kitu chako mkononi ni chako. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu anatupa chake kizuri kwa mikono yake mwenyewe, halafu anakuja kulia. Mjinga ni nani kama si yeye?

Alikuwa anamsema meneja. Lakini Verlin maneno yale yalimwingia mpaka ndani, mikono ikasimama juu ya kasha. Alitamani ainuke aondoke. Akakumbuka maboksi bado yapo, akafungua kasha lile. Muvi ya mbwa. Akafunga.

Jua lilikuwa limeanza kuuma kisogo alipotokea mwanamke mgeni na kapu la mashuka. Aliingia jana na katrela kadogo kutoka New Mexico, akajitambulisha kwa jina la Inez. Akatia mashuka kwenye mashine, akatoka, akaulizia kahawa.

– Imebaki ya kupaka viatu, – akasema Duane, akimsogezea kikombe. – Karibu, bibie. Hapa tunatafuta njia rahisi ya kupata muvi. Una yoyote?

– Mimi huwa naangalia dirishani, – akasema Inez. Akakaa upande wa Verlin kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Akamtazama anavyofungua na kufunga, kufungua na kufunga, kwa muda. Kisha akauliza, kama mtu anavyouliza saa:

– Unatafuta muvi gani, mzee?

– Huyo hatafuti, – akajibu Duane kwa niaba yake. – Huyo ni Mkaguzi wetu. Anakagua.

– Anapenda za vita, – akasema Garth.

– Za vita wapi? Za kauboi, – akasema Twyla. – Siku zote anaanza na kauboi.

– Ndiyo, lakini ipi? – akauliza Inez.

Duane akamtazama Garth. Garth akamtazama Twyla. Twyla, anayejua kila mtu kambini anafua shuka la rangi gani siku gani, hakulijua hilo. Majira ya baridi kadhaa wamekaa benchi moja na mtu huyu, wamempa jina, wamemcheka, wamekunywa naye birika baada ya birika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza.

– Mkaguzi, – akasema Twyla polepole. Halafu akajirekebisha. – Verlin. Ipi?

Verlin alikuwa amechoka kiasi kwamba hata aibu hakuweza kuibeba tena. Akayasema yote kwa mkupuo, akiliangalia boksi: kamera, samaki, sidii nyeupe isiyo na maandishi, kasha la kauboi, Texas, uzito wa gari, milima. – Nilimwacha rafuni, – akasema. – Nikachukua muvi nyingine badala yake. Hata sizikumbuki.

Hakuna aliyetoa methali.

– Alikuwa anasema nini humo? – akauliza Inez.

– "Verlin, zima hicho kidubwasha, samaki wanaungua." Ndiyo hayo tu. Halafu anacheka. Halafu inakatika.

– Alisemaje? Kwa ukali?

– Siyo ukali hasa. Alikuwa… – Verlin akainua kichwa. Akakaza koo, akajaribu kusema vile alivyosema Ardith. – Verlin, zima hicho… – Ikatoka sauti ya mzee mwenye koo kavu. Akajaribu tena, juu kidogo, nyembamba kidogo. Bado alikuwa ni yeye mwenyewe. – Maneno ninayo, – akasema. – Maneno yote ninayo. Sauti ndiyo siipati tena. Nikijaribu kumsikia, najisikia mimi.

Garth akavua kofia, akaiweka mezani bila sababu yoyote.

Pikapu ikaja kabla ya muda wake, ikirudi kinyumenyume na mlio wake, vumbi jeupe likitanda. Fundi wa kambi, mzee kama wao, akashuka akivaa glavu. Kahawa ya birika ilikuwa imekwisha kabisa. Fundi akashika boksi la kwanza aliloliona.

– Weka chini, – akasema Twyla.

– Meneja kasema yaende dampo, mama.

– Meneja nitaongea naye mimi. Weka chini, zima gari. – Alikuwa ameshavuta boksi, amelipakata. Duane naye alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto na magoti yake mabovu, mbele ya jingine. Inez alishafungua makasha mawili.

Fundi akabaki amesimama na glavu zake. – Kwani mnatafuta nini?

Walitazamana. Verlin alikuwa ameinama juu ya boksi, na safari hii walijua la kumjibia.

– Ardith, – akasema Twyla. – Sidii nyeupe, haina maandishi. Kaa hapo, fungua na wewe.