Dada Aliyesema Bado

Ndugu, jamaa na majirani, mtanivumilia. Nimepewa kazi ya kuiandika na kuisoma karatasi hii kwa sababu mimi ndiye mdogo wake niliyebaki, na kwa sababu shemeji amesema yeye hawezi. Hata mimi siwezi, lakini nitasoma.

Marehemu dada yetu, ambaye jina lake mnaliona kwenye jalada la ratiba mliyoshika, na ambaye wengi wenu mlimwita Bado, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1962. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba alikuwa fundi cherehani na mama mpishi wa shule. Kaka yetu wa katikati alitangulia mwaka 2004.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1980. Madaftari yake yalikuwa na picha nyingi kuliko masomo, na viboko vyake alivila. Akiwa na miaka kumi na mitatu alimchora mama ameketi jikoni kwenye kigoda, akaileta picha hiyo mezani tuione. Mimi nilikuwa na miaka minane na mdomo mrefu. Nikauliza, "Huyu mama au mbuzi?" Wote wakaangua kicheko. Baba alicheka mpaka akashika mbavu, mama mwenyewe akacheka, na dada akacheka pia. Kisha akaichana, akatia vipande motoni. Nayasema haya mbele yenu kwa sababu karibu miaka hamsini imepita na sikuwahi kuyasema kwa mtu ila kwake mwenyewe.

Mwaka 1982 aliajiriwa kwenye karakana ya mabango, mwanamke peke yake kati ya wanaume sita. Mwaka 1990 akafungua ya kwake, chumba kimoja chenye mlango wa bati nyuma ya stendi. Duka la dawa, bucha, shule ya udereva, zote ziliandikwa kwa mkono wake, na mkono huo ulikuwa hautetemeki. Kazi yake ya kwanza pale ilikuwa bango la kinyozi. Aliandika kwa herufi nyekundu za futi mbili: KINYOZI WA KISASI. Kinyozi mwenyewe alitaka "wa kisasa". Alipoliona alishika kichwa: "Jamani dada, mimi nimemkosea nani?" Dada akapanda ngazi arekebishe, lakini watu walikuwa wameshajaa kuja kumwona huyo kinyozi mwenye hasira. Ikabidi ashuke. Mabango mengine yote kwenye mtaa ule yamebadilishwa, lile halijaguswa.

Hiyo ilikuwa kazi ya watu. Picha zake mwenyewe alizichora nyuma ya pazia, akazigeuzia ukutani. Ukimuuliza, "Umemaliza?" anakujibu, "Bado." Nyuma ya kila moja aliandika neno hilo kwa chaki, na jina likamganda hapo.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, seremala, aliyekwenda kuagiza bango moja kwenye ile karakana ya kwanza akaishia kuagiza matatu asiyoyahitaji. Walijaliwa mabinti wawili. Kila dada alipoanza picha, shemeji alitengeneza fremu, akaiegemeza mlangoni, akaenda zake. Hakumsukuma hata siku moja. Mwaka 2013 dada aliniambia, "Nimechoka kuruka fremu tupu nikienda chooni." Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Akajiandikisha darasa la uchoraji, akaketi na vijana wa rika la binti zake. Mwalimu alimwambia mikono anayoichora inafanana na uma. Nilidhani ataacha. Aliporudi alichora mikono mwaka mzima, ya shemeji akipiga randa, ya muuza samaki, yangu nikimenya vitunguu.

Tarehe 6 Mei 2017 picha zake kumi na moja zilitundikwa kwenye ukumbi wa maktaba. Yeye alikataa kuingia. Alisimama nje zinapoegeshwa baiskeli, akiwa na gauni jipya, jasho likimtoka. Mama mmoja akatoka anafuta macho, akamuuliza, "Samahani, aliyechora yuko wapi?" Dada akamjibu, "Bado hajafika." Hapo nilimshika mkono nikamvuta ndani. Mliokuwepo mnajua alivyolia.

Februari 2023 madaktari walimkuta na saratani ya ini. Alitibiwa mwaka mzima na zaidi. Alipoona dawa hazisaidii akaniita, akasema, "Njoo ukae hapa. Wewe ndiye uliyebaki na uso wa mama." Nilikaa kwenye kigoda siku kumi na saba, yeye akichora. Mkono ule sasa ulitetemeka, na kila baada ya dakika chache alilala kidogo. Nilimwomba radhi kwa habari ya mbuzi. Akasema, "Tulia, unaniharibia shingo." Tarehe 28 Machi akaigeuza picha nione. "Haya, sema. Mama au mbuzi?"

Niliinama niitazame karibu. Alikuwa mama yetu, moshi unamwumiza macho na anacheka. Nikasema, "Ni mama, dada."

Akaniambia niandike nyuma, maana hakuweza tena kushika brashi. Nikaanza kutafuta chaki. "Siyo chaki, wewe. Rangi. Andika jina langu, lote." Hakuwahi kuandika jina lake kwenye picha hata moja. Niliandika huku nalia, nikaruka herufi moja. Alicheka mpaka akakohoa. "Acha hivyo hivyo. Kinyozi wa kisasi." Nikamuuliza, "Kwa hiyo umemaliza?" Alikuwa ameshalala.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa nne asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa shemeji. Naumia, jamani. Naumia vibaya.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, mimi, na picha arobaini na mbili. Chaki iliyo nyuma ya picha hizo familia imekubaliana isifutwe. Ile ya mama ndiyo hii hapa kando ya jeneza. Mkipita kumuaga, igeuzeni mwone nyuma. Herufi iliyokosekana ni kosa langu, siyo lake.

Lala salama, dada yangu. Umemaliza.