Saa ya Darasa la Kwanza: Mwalimu Tusajigwe Anaagwa Mara ya Pili

Mwalimu Tusajigwe Mwakibete amestaafu rasmi Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, siku aliyotimiza miaka sitini, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane na mwezi mmoja. Miaka hiyo yote, isipokuwa miwili, ameitumia katika Shule ya Msingi Bondeni hapa Temeke, na karibu yote katika Darasa la Kwanza.

Hii ni mara ya pili tunamuaga. Mara ya kwanza alikula pilau yetu, akapokea zawadi, akalia, akaondoka, kisha akarudi. Ndiyo maana kamati ya sherehe ya leo imekuwa na wasiwasi kidogo, na Mwalimu Mwajabu, mwalimu mkuu msaidizi, ameshauri zawadi akabidhiwe akiwa ameshapanda gari.

Alizaliwa Tukuyu, wa tatu kati ya watoto sita. Matokeo yake ya kidato cha nne, mwaka 1984, yalimpa nafasi ya kidato cha tano. Mbele yake palikuwa na njia mbili. Anayetaka kufundisha sekondari alimaliza kwanza kidato cha sita, ndipo akaenda chuo cha stashahada. Anayekubali shule ya msingi aliingia chuoni moja kwa moja, na baada ya miaka miwili alikuwa darasani na mshahara mkononi. Nyumbani kulikuwa na wadogo wawili wanaosubiri ada. Tusajigwe alichagua njia fupi. Hakuna aliyemuuliza anapenda nini, naye hakujiuliza.

Aliripoti Bondeni Julai 1987 akiwa na sanduku la bati na barua iliyolowa mvua. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimpa Darasa la Kwanza kwa sababu ambayo haikufichwa: alikuwa mgeni, na wenyeji wote walikuwa wamekwisha kulikataa.

Kwa miaka ishirini na miwili aliishi na swali ambalo kila mwalimu wa shule ya msingi analijua. Linaulizwa harusini, msibani na kwenye foleni ya benki: “Mbona hukwenda sekondari?” Halina ubaya, lakini halichoki. Hatimaye alisoma kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, akiwa mama wa watoto watatu, akafaulu, na mwaka 2009 akapata nafasi ya stashahada ya ualimu wa sekondari. Tulimfanyia sherehe kubwa. Tulichanga tukamnunulia saa ya ukutani, ya duara, yenye fremu ya rangi ya dhahabu, ili huko sekondari, alivyosema Mwajabu, ajue vipindi vinavyokwenda, kwa kuwa Darasa la Kwanza halina vipindi, lina vilio tu.

Mwaka uliofuata, chuo kilimpeleka kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya wilaya yetu. Akapewa Kiswahili, kidato cha pili. Wiki ya pili alisahihisha daftari la msichana aliyeitwa Hamida. Lilikuwa daftari safi kuliko yote darasani, mwandiko wa kupendeza, kila neno la ubaoni limenakiliwa. Lakini tarehe zilikuwa na kitu. Nane ya Hamida ilikuwa vijiduara viwili, kimoja juu ya kingine, kama mandazi yaliyopangwa kwenye sahani.

Mwalimu Tusajigwe aliijua nane ile. Mwaka 2002, ada ya shule za msingi ilipokuwa imefutwa na watoto wakamiminika, darasa lake moja lilikuwa na watoto mia moja themanini na saba. Aliona nane za namna ile siku ile ile zilipoandikwa, akajiambia atazirekebisha kesho. Kesho yake walikuja watoto wengine kumi na moja.

Alimwita Hamida pembeni akamwomba asome mistari miwili. Msichana alitazama ukurasa kwa muda mrefu, kisha akatazama viatu vyake. Alikuwa na miaka kumi na sita na hajui kusoma. Alikuwa amefika kidato cha pili kwa kunakili, kwa kukariri na kwa bahati ya maswali ya kuchagua. “Usiwaambie, mwalimu,” alisema. “Wananionaga nina akili.”

Hamtaji Hamida kwa kujilaumu kupita kiasi. Hana tabia hiyo. Anasema tu kwamba siku ile alijua kazi yake iko wapi. Alimaliza stashahada yake, kwa sababu si mtu wa kuacha kitu katikati, kisha mwaka 2011 akapeleka barua ya kuomba asipangiwe sekondari. Ofisa aliyeipokea aliisoma mara mbili. “Mama, wenzio wanakuja hapa kulia wapandishwe. Wewe unalia ubaki?” Alijibiwa kwamba halii, anaomba, na kama kuna fomu ya kuomba aletewe.

Mimi ninayeandika haya nilitoka Muleba mwaka 1971, na nyumba niliyojenga Kurasini ilipisha yadi ya makontena. Nimehamishwa mara nyingi kuliko nilivyohama. Labda ndiyo sababu nilisimama dirishani mwa ofisi ya walimu asubuhi ile ya Julai 2011, nikimtazama akiingia getini na mfuko wa rambo ambamo fremu ya dhahabu ilichungulia. Katika umri wangu nimeona watu wachache sana walioruhusiwa kuondoka wakachagua kubaki.

Mwajabu hakuwa na huzuni zangu. Alimpokea mlangoni: “Shosti, karibu sana, lakini saa yetu utarudisha. Ile ilikuwa ya kwenda, si ya kwenda na kurudi.” Saa ikarudishwa. Mwalimu Tusajigwe aliitundika Darasa la Kwanza, ukuta wa nyuma, juu ya madawati ya mwisho, mahali ambapo mwalimu anaiona na watoto hawaioni.

Mchana, watoto wake wakishaondoka, Hamida alivuka kutoka sekondari ya kata iliyo ng'ambo ya ukuta wetu. Alikaa kwenye dawati la watoto wa miaka sita, magoti yakiwa karibu na kidevu, akaanza na irabu. Ilichukua mwaka mmoja na miezi minne.

Sasa nieleze jambo ambalo limempa Mwalimu Tusajigwe jina hadi Kinondoni. Kila mwaka, matokeo yanapotoka, vijana huja kumuuliza wachague chuo gani, ualimu wa msingi au wa sekondari. Amefundisha kimoja, amesomea vyote viwili, kwa hiyo watu hudhani ana jibu. Hajawahi kulitoa. Humkalisha kijana nyuma ya Darasa la Kwanza, chini ya saa, toka kengele ya asubuhi hadi uji. Anayetaka kujua ni saa ngapi lazima ageuze shingo na kuangalia juu, na mwalimu aliye mbele anamwona. Siku ya pili humpeleka ng'ambo ya ukuta, kwa hisani ya mkuu wa sekondari, akakae kidato cha pili vivyo hivyo, naye hukaa pembeni. Baada ya hapo humwambia tu aligeuza shingo mara ngapi huku na mara ngapi kule. Mengine anamwachia mwenyewe.

Daftari lake lina majina sitini na moja. Arobaini na moja walikwenda sekondari, na kila mmoja aliondoka na baraka zake, kwa sababu hajawahi kusema kwamba huku ni bora kuliko kule. Lubaba, binti wa duka la vifaa vya ujenzi hapo barabarani, aligeuza shingo mara kumi na saba kabla ya uji, na kidato cha pili, kipindi cha hisabati, hakugeuza hata mara moja. Leo anafundisha fizikia na wanafunzi wake wanamwogopa na kumpenda kwa kiasi kinachofaa.

Lusungu alikuja mwaka 2016, fomu mbili mkononi, na baba yake nyuma. Mzee Gaudens alikuwa msimamizi wa vibarua kwenye yadi ya Kurasini, mtu wa sauti. “Mwanangu kamaliza kidato cha sita,” alisema. “Nimesomesha miaka yote hiyo aje kufuta watoto wa watu kamasi?” Mwalimu Tusajigwe hakubishana. Aliwakaribisha wote wawili wakae nyuma.

Lusungu aligeuza shingo mara moja, alipomsaidia mtoto aliyekuwa ameingiza kichwa katikati ya dawati. Mzee Gaudens aligeuza mara kumi na nne. Uji ulipofika alisimama mlangoni, akamtazama mwalimu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka tisa, akavua kofia na kusema, “Shikamoo.” Darasa zima likaitikia marahaba. Kesho yake kidato cha pili Lusungu aligeuza shingo mara tisa. Akachagua msingi, na mzee akatia sahihi, akinung'unika kwamba afadhali makontena, hayaombi ruhusa ya kwenda chooni. Lusungu alihitimu, akasubiri, na mwaka 2020 akapangiwa shule moja ya vijijini Sumbawanga.

Tufike kwenye lililotusumbua. Tangu mwaka jana kila mtu alijua tarehe ya leo, na hakuna aliyejua nani atachukua Darasa la Kwanza. Mwalimu mkuu alipouliza kikaoni, walimu kumi na tisa walipata ghafla jambo la kutazama sakafuni. Watatu walijaribishwa. Mwalimu Polikarpo, mwenye sauti ya kwaya, alidumu siku nne, akatoka bila sauti na bila kalamu yake nyekundu, ambayo haijaonekana hadi leo. Mwalimu Tusajigwe hakulalamika, lakini tulimwona. Alikuwa amekwisha kuona kinachotokea darasa hilo likishikwa na mtu anayehesabu dakika. Hofu yake ilikuwa na jina, na miaka kumi na sita, na ilitazama viatu vyake.

Mlango ulifunguka mahali ambapo hatukutarajia. Polikarpo ni mwenyeji wa Sumbawanga, na kwa miaka minane amekuwa akisema angekubali kwenda nyumbani hata kwa miguu akalime mahindi yake. Watumishi wanajua utaratibu: ukitaka kuhama, mtafute wa kubadilishana naye. Walimu wa Sumbawanga wanaotaka Dar ni wengi; mwalimu wa Dar anayetaka Sumbawanga ni kama pembe la ng'ombe asiye na pembe. Mwalimu Tusajigwe alimpigia simu Lusungu siku hiyo hiyo. Barua zikaandikwa Oktoba. Novemba kimya. Januari kimya. Machi tukaambiwa faili halionekani, Aprili likaonekana. Ijumaa ya tarehe 9 Mei kibali kilifika, na Polikarpo, aliyekwisha kupata sauti, aliimba ofisini hadi walinzi wakaja kuuliza kuna nini.

Lusungu alishika darasa Julai. Mwalimu Tusajigwe alihamia ofisini kujaza fomu za mafao, lakini kila siku alipata sababu ya kupita mbele ya dirisha lile: mara chaki, mara mwavuli aliousahau, mara mwavuli ule ule. Alikuwa akihesabu, sisi tukijua, naye akijua kwamba tunajua.

Jumanne ya tarehe 5 Agosti, mchana, aliingia ndani. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika tano. Akatazama ya mkononi: saa sita kasoro. Akamuuliza Lusungu saa ya ukutani imesimama lini. Lusungu aligeuza shingo, akaitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya mgeni. “He! Kumbe imesimama, mama? Mie nasikilizaga kengele tu.” Mwajabu, ambaye hakosi ushahidi, alikumbuka kuiona imesimama hivyo hivyo tangu wiki ya mitihani ya majaribio. Kwa hesabu yake zilikuwa zimepita siku tisa za shule.

Mwalimu Tusajigwe alikaa kwenye dawati la mwisho akacheka hadi watoto nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Kisha akarudi ofisini, akasaini fomu zote zilizobaki, na akaulizia sherehe yake itakuwa na pilau au wali wa nazi. Tangu siku hiyo hajapita tena dirishani. Mwavuli bado uko darasani.

Mwajabu amenunua betri mpya. Ziko kwenye droo. Lusungu ataziweka siku kijana mwingine atakapokuja na fomu mbili.

Wasifu huu utasomwa kwenu leo na katibu wa kamati ya wazazi, fundi wa sare za shule yetu, ambaye mwanawe yuko katika darasa la Lusungu. Nilimuuliza kama nimchapie kwa herufi kubwa ili asipate shida. Hamida alipokea karatasi, akaipitia yote palepale akiwa amesimama, jina lake akalivuka bila kusita, akasema hizi hizi zinatosha. Alinisahihisha mahali pawili.

Mwalimu Tusajigwe, asante kwa kuondoka na kurudi, na asante kwa kuondoka leo ukiwa na moyo mwepesi wa kutugeuzia kisogo. Nenda ukapumzike, uamke unapotaka, unywe chai yako ikiwa moto. Tunakuombea siku nyingi, njema, zisizo na kengele.

Isack Rwegoshora
Mwalimu mstaafu, mtunza maktaba