Kati ya Filimbi Mbili

Wazee wetu, mjane, watoto, ndugu, majirani na wote mliosimama kwa kukosa viti, inayosomwa sasa ni historia ya maisha ya marehemu ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Refa, na anayeisoma ni mdogo wake wa kumfuata, ambaye ndani ya karatasi hii anaitwa hivyohivyo, mdogo wa marehemu, kwa sababu alipojaribu kuandika "mimi" kalamu ilimgomea, na sababu yake mtaisikia huko mbele. Mshereheshaji ameomba historia ifupishwe, jua ni kali, lakini leo mdogo wa marehemu anaomba radhi, hatakata hata mstari mmoja.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wapangaji karibu na kituo cha reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi saa na mshonaji nguo, na mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alikuja duniani amekunja ngumi na kunyoosha kidole kimoja, kama anayemtoa mkunga nje ya uwanja, jambo ambalo baba yao alilikanusha mpaka siku yake ya mwisho.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, na hakujaliwa miguu ya mpira, hilo lisemwe wazi kwa kuwa mwenyewe alilisema, alikuwa akiupiga mpira unarudi ulikotoka, ndipo mwalimu wa michezo alipomhurumia akampa filimbi ya bati. Mwezi Oktoba 1987, katika fainali ya darasa la saba A na B, aliwapa wapinzani penalti dakika ya mwisho dhidi ya darasa lake mwenyewe, ikaingia, naye akaenda nyumbani kwa kupitia uani kwa watu, jina la Refa likamganda tangu siku hiyo, na filimbi ile hakuiacha. Aliendelea na sekondari mwaka 1988 hadi 1991, kisha chuo cha biashara mwaka 1992 hadi 1994, alikopata cheti kilichotundikwa sebuleni kwake juu ya picha ya timu ambayo hakuna mchezaji hata mmoja aliyemjua kwa sura, alipenda tu jinsi walivyosimama.

Tarehe 1 Februari 1995 aliajiriwa kutunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi lililo nyuma ya soko, akapanda hadi kuwa meneja mwaka 2003, na mwaka 2009 akaanza kuwafundisha wenye maduka madogo namna ya kupanga bidhaa, kumsikiliza mteja na kufunga duka wakiwa bado wana nguvu za kucheka. Siku ya Jumatano, tarehe 6 Januari 2016, alirekodi kipindi cha kwanza cha podikasti yake iitwayo Duka Liko Wazi, katika chumba cha kuhifadhia vitu nyumbani kwake, magodoro mawili yakiwa yameegemezwa ukutani na taulo likiwa limeshindiliwa chini ya mlango, na mdogo wake, ambaye kazi yake ni fundi wa sauti katika studio ya matangazo, akawa mhariri, anahariri Alhamisi, kinatoka Jumamosi asubuhi.

Wasikilizaji wa miaka ile mnakumbuka kwamba katikati ya mazungumzo ya wateja na bidhaa, Refa alipiga filimbi fupi akasema, "Tukae barazani kidogo," na hapo biashara ikafungwa, akaanza kuzungumzia mikono ya golikipa, mabondia wanaotabasamu kwa hofu, namna ya kunyoosha kola ya shati bila kuiunguza, kisu cha mkate kinavyonolewa kwenye kitako cha kikombe, au kifuniko cha chupa ya chai ambacho kwa maoni yake kilitengenezwa na mtu asiyekunywa chai. Alipotosheka alipiga filimbi ya pili akasema, "Turudi dukani." Mama mmoja mwenye kiwanda cha sabuni alialikwa kueleza alivyoanza, akaishia kubishana naye dakika kumi na nne kuhusu ngumi, na alipoambiwa na mdogo wake kwamba mambo hayo hayana funzo lolote, Refa alijibu, "Si lazima kila kitu kiwe na funzo, vingine ni vitamu tu."

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1999, na mwalimu wa jiografia aliyekuja dukani kununua bawaba za milango ya shule, akamkuta meneja msaidizi akieleza kanuni ya kuotea kwa kutumia makopo ya rangi, akamsahihisha, na bawaba zikasahauliwa kaunta hadi kesho yake. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 2001, mchezaji wa mpira wa kikapu, na kijana aliyezaliwa tarehe 30 Mei 2006, ambaye hapendi mchezo wowote na baba yake alimpenda vivyo hivyo, wakikaa pamoja kufungua redio mbovu na kuzifunga zikiwa mbovu zaidi. Kila Jumamosi shemeji aliwasha kipindi huku akipiga pasi nguo za wiki, watoto wakisikiliza kutoka jikoni, isipokuwa Refa mwenyewe, ambaye hakuwahi kusikiliza kipindi chake hata kimoja, kwa madai kwamba sauti yake inafanana na ya bata aliyekanyagwa.

Hapa ndipo mdogo wa marehemu anapoomba maji ya kunywa.

Mwezi Machi 2021 msikilizaji mmoja aliandika kwamba wao wamefuata biashara, mpira wana televisheni, na wiki hiyohiyo mdogo wa marehemu alichekwa na wenzake studio kwamba kaka yake mkubwa anawafundisha wafanyabiashara kunyoosha kola, naye badala ya kucheka nao au kuwanyamazisha, akamwonea aibu kaka yake. Kuanzia kipindi kilichotoka Jumamosi, tarehe 3 Aprili 2021, alianza kukata baraza yote. Kwenye kompyuta sauti ya mtu huonekana kama vilima, lakini filimbi husimama peke yake kama mwiba, kwa hiyo hakuhitaji hata kusikiliza, alikata kwa macho kutoka mwiba wa kwanza hadi mwiba wa pili, akakitupa kipande kwenye jalada aliloliita Makapi, kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na kwa miaka mitatu hakumwambia kaka yake. Kinyozi alipomuuliza Refa mbona siku hizi hazungumzii mpira, Refa alidhani anataniwa kwa sababu timu yake imefungwa, akacheka, na shemeji alipomuuliza mhariri swali hilohilo, mhariri alimjibu kwamba kaka mwenyewe ameamua kuacha, amekuwa mtu mzima sasa, na shemeji kwa heshima yake hakumgusia mumewe. Huo ulikuwa uongo, na aliusema akiwa ameshika kikombe cha chai alichokaribishwa na yeye shemeji.

Marehemu alianza kuugua moyo mwishoni mwa mwaka jana bila mtu kujua, alipelekwa hospitali siku ya Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, baada ya kuanguka kwenye ngazi za ukumbi wa michezo alikokwenda kumtazama binti yake akicheza, filimbi ikiwa mfukoni, na madaktari walipomwona walisema moyo umechoka siku nyingi, mgonjwa kama huyu angeletwa Januari au Februari pangekuwa na mengi ya kufanya. Alilazwa wodini siku ishirini na nne. Siku ya kumi na mbili alimshika mdogo wake mkono akamuuliza, "Lakini mlinisikia, au?" Mdogo wake hakuelewa anaulizwa nini, akadhani ni homa, akamjibu vile wagonjwa wanavyojibiwa ili watulie, kwamba walimsikia, na Refa akageuza uso kuelekea dirishani, akawa mpole kupita kawaida yake. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 2 Julai 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini, miezi mitatu na siku kumi na nane.

Katika siku hizi za msiba yamesemwa maneno, na hayakusemwa kwa ubaya, kwamba Refa alikuwa msiri, kwamba mtu anayeongea mbele ya maelfu alishindwa kusema ndani ya nyumba yake, na jirani mmoja alisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mjane aliketi kwenye mkeka hakulia, akasema mara moja tu, wote tukasikia, "Miaka ishirini na tano kasoro mwezi, halafu ananificha." Juzi Jumatano asubuhi, mdogo wa marehemu alifungua jalada la Makapi kutafuta kipande kifupi cha sauti ya kaka yake kichezwe hapa leo, kitu cha kuchekesha, na kwa mara ya kwanza akasikiliza alichokikata.

Jumatano ya tarehe 10 Januari 2024, baada ya filimbi ya kwanza, Refa anazungumzia viti vya uwanjani, halafu anasema, "Jumapili nilipanda ngazi nikapumzika mara tatu, na mpira ulikuwa haujaanza. Mama watoto, najua unanisikia, pasi iko mkononi. Ana kwa ana nimeshindwa, ukinitazama nitasema sijambo. Nikirudi leo niulize." Tarehe 21 Februari anazungumzia viatu, anasema vyake vya urefa vinamwingia asubuhi na jioni vinakataa, na mtu wa miaka hamsini haongezeki mguu, binti yake amtafutie yule daktari wa timu yao. Tarehe 17 Aprili hazungumzii mchezo wala kitu kingine, anasema hivi, na mdogo wake ameyanakili neno kwa neno: "Nimeshasema humu mara mbili, na nyumbani kimya. Basi nadhani wamenisikia wakaona si kitu kikubwa, na mimi nisiwasumbue. Refa akipiga filimbi na watu wakaendelea kucheza, atafanya nini? Turudi dukani."

Kwa hiyo ijulikane leo, mbele ya kaburi ambalo bado liko wazi, kwamba Refa hakuwa msiri. Alisema mara tatu, alisema kwa sauti, aliwataja mkewe na binti yake, akangoja jibu miezi mitano ndani ya nyumba yenye watu waliompenda, akala nao, akawatazama machoni, akiamini wanajua na wamenyamaza, na hawakujua, kwa sababu mdogo wake alimwonea haya. Kata ni huyu anayesoma. Tangu Jumanne mmemshika mkono na kumpa pole, zaidi ya watu mia mbili, naye amezipokea zote, na leo anazirudisha, kwa sababu mwiba wa kujichoma hauna pole. Shemeji, mumeo hakukuficha. Wanangu, baba yenu hakuwaficha. Baba mdogo wenu ana aibu ambayo hajui ataiweka wapi, na hatawaomba msamaha hapa, mbele ya watu, mahali ambapo mtaona haya kumnyima, atakuja mlangoni kwenu siku mtakayomwita, na msipomwita ataelewa.

Vipande vyote vilivyokatwa, vya miaka mitatu, vimehifadhiwa salama, na juzi jioni vimekabidhiwa kwa kijana wa marehemu, yeye na mama yake na dada yake ndio watakaoamua visikilizwe na nani na lini. Humo kuna maelezo ya dakika ishirini na moja kuhusu kwa nini soksi hupotea mojamoja, na mtu akiyasikia yote bila kucheka basi na yeye apelekwe hospitali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa muuguzi aliyekubali kubishana na mgonjwa kuhusu kadi nyekundu mpaka siku ya ishirini na tatu, inawashukuru majirani kwa viti, maji na turubai, wenye maduka wa nyuma ya soko waliofunga leo ingawa ni Ijumaa, timu ya binti yake iliyobeba jeneza, walimu wenzake shemeji, na wasikilizaji waliotoka mbali, mkiwemo yule aliyeandika barua mwaka 2021, kama upo hapa usijilaumu, wewe ulitoa maoni tu, mkasi haukuwa mkononi mwako.

Refa, filimbi yako ya pili haitapigwa, binti yako ameiweka mfukoni mwako na hakuna atakayeitoa. Kaa barazani, kaka, kaa utakavyo, sema mpaka utosheke. Pumzika kwa amani, dukani hatukuiti tena.