Pakiti ya Kijani ya Fundi Fan Chiang

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka Bwana Fan Chiang Jui-mao, jirani yetu wa hapa Lungtan, aliyefariki juma lililopita. Alikuwa fundi. Mkewe, Bi Peng Hsiu-chin, akiulizwa sokoni mumewe anafanya kazi gani, alijibu kuwa anaunda mitambo ya kupasha maji ya kuoga. Ndivyo alivyoambiwa na mumewe.

Haikuwa mitambo ya maji. Bwana Fan Chiang alikuwa mmoja wa waliounda kombora letu la kupiga meli, lile linalokwenda kasi kuliko sauti, lililobuniwa hapa hapa kisiwani. Alikula kiapo. Narudia: hata mkewe hakuambiwa.

Sasa, Bi Hsiu-chin si mjinga. Kila mara mumewe alipokwenda pwani ya kusini kikazi, alimwagiza mkewe pakiti ya vitafunio vya mahindi, guai-guai. Iwe ya kijani, rangi ya taa ya mtambo unaokwenda sawa, si ya njano, rangi ya onyo, na tarehe yake isiwe imepita. Mnajua wenyewe: guai ni tulia, uwe na adabu. Tunaiweka juu ya mtambo ili usitufanyie ukorofi, na tarehe ikipita, nguvu yake imekwisha. Bi Hsiu-chin alinunua, akaifunga uzi mwekundu wa jikoni, akamtania: "Hayo maji yenu ya kuoga yana kichwa kigumu kweli." Mzee alicheka, akaondoka.

Mwaka mmoja runinga ikaonyesha kombora likirushwa. Pembeni, juu ya mtambo wa kuliongozea, kulikuwa na pakiti ya kijani yenye uzi mwekundu. Bi Hsiu-chin alilitambua fundo: lilikuwa lake mwenyewe. Mumewe akabadilisha stesheni upesi. Yeye akaendelea kukata vitunguu. Angesema neno, mzee angekosa usingizi akidhani siri imemponyoka.

Basi wakazeeka hivyo, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile.

Mzee alipolazwa hospitalini, Bi Hsiu-chin aliamua kumwambia. Alitaka mumewe autue huo mzigo kabla hajaondoka. Akavuta kiti, akamshika mkono. Juu ya mashine ya kupumulia, wauguzi walikuwa wameweka pakiti ya kijani, kama kawaida yetu. Mzee alikuwa ameikazia macho. Akakisogeza pembeni kifuniko cha hewa kilichokuwa mdomoni.

"Hsiu-chin," akasema, "tazama tarehe."

Akatazama. Ilikuwa imepita.

Akashuka mbio dukani. Zilikuwepo za njano tu. Akavuka barabara, akaipata ya kijani. Aliporudi, mashine ilikuwa imezimwa.

"Sikulia," aliniambia jana, sauti kavu kabisa. "Nilikaa, nikatafuta uzi wa kuifunga."

Nilimuuliza kama anajuta. Akasema hajui, bado hajasikia chochote moyoni. Nami, wapendwa, nilishika kikombe cha chai yake mpaka ikapoa.

Poleni sana, Bi Hsiu-chin na binti yenu Yi-chen. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu ndani ya nyumba ana siri na wewe umeshaijua, kaa naye leo. Dukani utakwenda baadaye.

Bi Hsiu-chin ameiweka redio mbele ya picha ya marehemu, karibu na pakiti mpya. Ameniomba nimsemee, maana yeye bado hawezi. Bwana Fan Chiang, mkeo alijua. Alijua tangu siku ile ya runinga, na hakumwambia mtu mpaka jana.